Mark X ya ami, ukungu usiotoka na maji ya kisima

Naandika hii kesi mwanzo mpaka mwisho kwa sababu nimeisimulia kwa mdomo mara nne sasa na kila mara naruka kitu, halafu mtu aenda nyumbani afanya nusu, kisha arudi kunilaumu mimi.

Gari ni Toyota Mark X nyeusi, ya ami yangu, akaa Tudor hapa Mombasa. Haendeshi sana, dukani na kurudi, Ijumaa msikitini, Jumapili jioni ufuoni Mama Ngina kupunga upepo, basi. Lakini yalala nje chini ya mwarobaini, bahari haiko mbali, na kunguru wa mtaa ule mwajua wenyewe vile walivyo. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi, jua la kuchoma nyayo, nikapata voisi yake Alhamisi baada ya isha, sauti ya mtu aliyefiwa: "Njoo utizame gari, imeota mtoto wa jicho."

Na kijana wake aoa Jumamosi ya wiki ya pili yake, gari ndo ya kumbeba bwana arusi. Siku tisa.

Nikaenda Ijumaa baada ya swala. Wallahi aliyoyasema ndo hayo hayo. Kwa mbali nyeusi, ukisogea waona boneti, rufu na buti zina utandu mweupe mweupe, si vumbi, ukipitisha kidole haubaki kidoleni. Ubavuni kwenye milango ni kidogo. Pembeni mwa zile plastiki nyeusi za bampa na vioo kuna mistari mieupe imekauka kama dawa ya meno. Nikamuuliza ami umefanya nini, akaniambia sikufanya kitu, nimeiosha tu. Mamdogo akacheka huko ndani nikajua kuna mengine.

Ikatoka pole pole. Alikwenda kununua kopo la waksi, yaani nta ya gari, ile ya kanauba, ya kupaka na sponji. Muuzaji akamwambia kuna na hii chupa ya silanti, dawa nyengine ya kulinda rangi, chukua zote mbili gari ing'are. Jumamosi asubuhi kijana wa kuosha akaosha kwa maji ya kisima cha uani na sabuni ya unga, gari ikakaushwa na jua. Saa nne ami akapaka waksi, boneti nzima kwa mpigo, akanywa chai, akaja kufuta ikawa imeganda, akaisugua kwa nguvu. Saa sita silanti juu. Nikamuuliza mbona silanti ndo iwe juu, akanitizama kama mimi ndo mjinga: "Si yaitwa silanti? Kazi yake si kufunga? Wafunga kitu kikiwa ndani au kikiwa nje?"

Mantiki haina kosa, ni jina tu lililomdanganya. Jumatatu akaona ukungu, akadhani waksi haikutosha, akaongeza. Jumatano tena. Kwa hivo nilipofika mimi kulikuwa na tabaka tatu za waksi na moja ya silanti imebanwa katikati kama nyama kwenye sambusa.

Sasa, dhana yangu ya kwanza ilikuwa mbovu na naiandika hapa makusudi. Nilifikiri ni waksi iliyobaki bila kufutwa vizuri kwa vile hewa ya hapa ina unyevu na nta hukawia kukauka, jambo ambalo ni kweli kabisa lakini halikuwa ndo hili. Nikachukua taulo ya maikrofaiba, nikailowesha kidogo, nikafuta kipande cha boneti. Ikang'aa! Ami akasema mashaallah. Tukaingia ndani kula, tukatoka dakika ishirini baadae, ukungu umerudi pale pale. Unyevu ulikuwa umeuficha tu, maji yalipokauka ukaonekana.

Dhana ya pili ikawa mbovu zaidi. Nikasema basi hii rangi imechoka, yataka kompaundi, ile dawa ya kusugua rangi, nikatia kidogo kwenye kitambaa cheupe nikasugua pembe ya buti. Kitambaa kikatoka cheusi ti. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu. "Wewe! Wanitoa rangi ya gari?" Na mimi moyo ulinipasuka kwa sababu gari nyingi za siku hizi juu ya rangi kuna klia, tabaka lisilo na rangi, ukisugua kitambaa hakitakiwi kubadilika rangi ya gari, kikibadilika maana yake klia ishakwisha pale na umeingia ndani.

Nikaacha hapo hapo. Nikafungua mlango nikatafuta kile kibati cha chuma chenye namba za gari, kwenye Toyota utaona sehemu imeandikwa C/TR, namba ya kwanza baada yake ndo rangi. Yake 202. Nikashusha pumzi. 202 ni ile nyeusi ya Toyota ya siku zote, nyeusi tupu bila chengachenga, wajuzi wa rangi wanaiogopa kwa ulaini wake, hata kitambaa cha kanzu chaweza kuiacha na mikwaruzo, na mara nyingi haina klia juu yake. Yaani rangi yenyewe ndo iko juu, yapigwa jua yenyewe, yala chumvi yenyewe. Kitambaa kuwa cheusi ni kawaida yake. Nikamweleza ami, hakuniamini mpaka kesho yake.

Lakini hapo nikajifunza kitu kuhusu hii gari, kwamba haina akiba ya kuchezea. Kila usugue wala rangi. Kwa hivo kabla ya kugusa tena lazima nijue ule ukungu ni nini na uko tabaka gani.

Jumapili asubuhi mapema, gari bado baridi, nikarudi na vitu vitatu. Maji ya betri, yale safi yasiyo na madini (angalieni lebo jamani, kwenye rafu hiyo hiyo kuna na asidi ya betri, msije mkaleta msiba). Siki nyeupe ya jikoni, nimeichanganya nusu kwa nusu na maji hayo. Na spiriti, aisopropili, nayo nusu kwa nusu. Kwa spiriti msichukue tu ile ya kusafishia vidonda bila kusoma, nyingine zimetiwa mafuta ya mbarika, utakuwa wasafisha mafuta kwa mafuta.

Nikabandika tepu ya karatasi kwenye boneti nikafanya viboksi vinne, kila kimoja kama kiganja. Cha kwanza maji ya betri. Cha pili siki. Cha tatu spiriti. Cha nne sikugusa, cha kulinganishia.

Maji: hakuna kitu. Kama ingekuwa chumvi ya hewa imekaa juu ingeyeyuka ikaondoka.

Siki: karibu hakuna kitu. Hapo nikashangaa, kwa sababu nilikuwa nishashuku chokaa ya maji ya kisima, na siki huyeyusha chokaa.

Spiriti: mara ya kwanza kitambaa kikawa na unato, mara ya pili utandu ukaanza kuondoka, mara ya tatu nyeusi ikatoka nyeusi kweli. Na chini yake, sasa zikaonekana wazi, pete. Pete nyeupe ndogo ndogo kama nyayo za matone, nyingine kama shilingi. Ami akainama akavaa miwani. "Hizi zilikuwa wapi?" Zilikuwa chini ya waksi, ami. Umezifungia ndani.

Nikaweka siki kwenye hicho hicho kiboksi cha tatu, kitambaa kilicholowa nikakilaza juu dakika moja, nikafuta. Pete karibu zote zikaenda. Siki ile ile iliyoshindwa kwenye kiboksi cha pili, kwa sababu pale haikuweza kupita kwenye nta kufika kwa chokaa. Zilibaki tatu karibu na zile tundu za kurushia maji ya kioo, na hizo ukipitisha ukucha wasikia kashimo, rangi yenyewe imeshaliwa. Hizo ni kovu, siki haina la kufanya.

Kwa hivo mtoto wa jicho alikuwa wawili. Mmoja ni waksi na silanti zimekorogana: silanti ni polima za kutengenezwa, zataka kukamata rangi tupu ilio safi, ukiiweka juu ya nta hakuna cha kukamata, na yale maji maji yaliyo ndani yake yanalainisha nta iliyo chini, vyote vyabaki vinateleza na kufanya utandu. Ukiongeza waksi juu waongeza tope. Mwengine ni kisima.

Na hapa kwenye kisima nikae kidogo maana ndo penyewe. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, mawe yale yale Wareno waliyojengea Fort Jesus kuanzia 1593, na matumbawe ni chokaa. Maji yapita humo yakifika kisimani yamebeba chokaa, na kwa huku kwetu karibu na bahari yabeba na chumvi juu yake. Kunywa hayanyweki, sabuni hayatoi povu, sote twajua. Sasa mtu aosha gari nayo asubuhi, jua laikausha, maji yaruka yaenda zake lakini chokaa haina mbawa, yabaki pale pale tone lilipokaa. Wiki ijayo tone jengine. Kwenye gari nyeupe hutaona miaka. Kwenye nyeusi, na rangi yenyewe laini, na juu yake umepaka nta kabla hujaitoa... basi ndo hio.

Ukiuliza kwa nini milango ilikuwa afadhali, ni kwa sababu maji hayatulii ubavuni na jua haliichomi wima.

Tiba ilikuwa tujue tutaosha na maji gani. Mfereji wa mtaa wao hutoka siku utakayo wenyewe, na maji ya mkokoteni huwezi kujua yametekwa wapi, wengine wajaza kwenye kisima hicho hicho. Maji ya betri kwa gari nzima ni kuchezea pesa. Nikiwa nawaza hivo nasikia nyuma ya nyumba, to, to, to. Ile paipu ya AC ya chumbani yamwaga maji kwenye dumu la lita 20, mamdogo huyatumia kwenye pasi ya mvuke. Maji ya AC ni mvuke wa hewa uliopozwa ukawa maji, hayajapita kwenye jiwe lolote, hayana chokaa wala chumvi ya kisima. Na kwa joto la mwezi wa pili Mombasa AC yamwaga si mchezo, likijaa dumu wabadilisha. Mamdogo akasema mkitaka chukueni lakini dumu moja ni langu. Kufika Jumatano tulikuwa na matatu, nikayapitisha kwenye kitambaa cha leso ya zamani kutoa vumbi.

Jumatano baada ya alasiri tukaipeleka gari kwa binamu mwenye parking ya chini ya jengo, kuna kivuli na hakuna mwarobaini. Kazi ilikwenda hivi. Kuosha kwanza na shampuu ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia glavu, mchanga ubaki kule. Halafu spiriti, kipande kwa kipande, taulo nne zilikwisha na kila moja ilikuwa nzito kwa nta. Hii ndo ilikula wakati, saa mbili na nusu, na kijana bwana arusi mwenyewe alikuja akafanya mlango mmoja akakumbuka ana fitingi ya kanzu. Halafu siki kwa boneti, rufu na buti pekee, dakika moja isikauke, suuza mara mbili.

Klei nilitumia boneti tu. Mnajua kile kibonge cha udongo laini, wakitelezesha juu ya rangi na maji ya sabuni, chatoa vile vitu vimejishindilia, utomvu, vumbi la chuma la breki. Jaribio lake ni kuvaa mfuko wa plastiki mkononi upapase rangi, ukisikia kama ndevu za siku mbili yataka klei. Boneti ilikuwa hivo, kwengine laini. Kwa 202 klei yaweza kuacha alama, kwa hivo pasipohitaji usipeleke mkono. Baada yake polishi ile laini kabisa ya kumalizia, kwa mkono, boneti tu, kitambaa kikawa cheusi na safari hii ami hakupiga kelele, alitizama upande mwengine.

Zile plastiki zenye mistari ya dawa ya meno: mswaki mzee, sabuni ya sahani na maji ya moto, subira. Siku nyengine bandika tepu kabla hujapaka waksi.

Alhamisi ndo silanti. Nilifuta tena gari nzima na spiriti kidogo, ikiwa baridi, kisha silanti nyembamba, nasema nyembamba, kijiko kimoja cha chai boneti nzima yatosha. Ami alipoona akasema mbona wabania dawa yangu niliyoinunua. Ami, kinachofanya kazi ni kile kinachogusa rangi, kilichobaki chote utakifuta na taulo utupe. Waipaka, wangoja, wapitisha kidole, kidole kikiacha njia safi isiyovuta ndo wafuta. Usiku wote ikalala mle ndani kavu, saa kama kumi na nane bila tone la maji, maana silanti yataka muda wa kushika na umande wa hapa alfajiri ni mvua ndogo.

Ijumaa asubuhi sasa waksi juu. Hapo mpangilio wa ami tuliugeuza kichwa chini. Je waksi yahitajika juu ya silanti? Kwa ulinzi, si lazima, silanti yakaa miezi na nta yenyewe hapa kwetu kwenye jua na chumvi mimi sijaiona ikifika miezi miwili. Lakini kanauba juu ya gari nyeusi ina kina fulani, yaifanya ionekane kama imelowa, na kesho ni arusi. Isitoshe napenda asili yake, ni nta ya majani ya mti wa Brazil, jamaa ya mnazi huu huu wetu, mti wenyewe wajipaka ili usikaushwe na jua. Tukapaka boneti na buti basi.

Nilimwaga maji ya AC kidogo kuonyesha. Yalijikunja yakawa shanga zikateremka mpaka bampa. Ami akamwaga tena. Akamwaga tena. Ikabidi nimnyang'anye chupa.

Arusi ikafika. Watu wa mapambo wakaja wakabandika maua kwenye boneti na selotepu, jua la saa nane, mimi nilikuwa msikitini sijui lolote. Jioni kuyatoa ikabaki gundi, mistari minne. Spiriti ikaitoa na ikatoa waksi na baadhi ya silanti ya pale pale pia, mpaka leo maji yakimwagwa boneti waona mistari minne ambayo shanga hazisimami vizuri. Na juu ya rufu kulimwagika marashi ya waridi, hayo hayakufanya kitu.

Sasa ni wiki ya saba. Milangoni na kwenye rufu maji bado yajikunja vizuri, boneti imepungua, niliitegemea. Zile kovu tatu ziko pale pale, nilimwambia ami kuziondoa ni kula rangi ambayo hana ya ziada, akakubali. Kijana wa kuosha amepigwa marufuku sabuni ya unga, hio yakwangua nta yote kwa mkupuo, na kisima kinatumika kwa matairi tu. Mavi ya kunguru ami sasa hayasugui yakiwa makavu, alikuwa akiyakwangua kwa gazeti wallahi, alowesha kitambaa alaza juu dakika tano kisha anyanyua. Na ayawahi mapema, maana yana asidi na kwenye boneti ya moto hayangoji jioni.

Ugomvi uliobaki ni wa maji. Gari yaoshwa kila Ijumaa, pasi ni kila siku, na AC kuwashwa mchana mamdogo hataki kusikia. Nilipopita juzi nikakuta dumu limechorwa mistari miwili ya wino, chini imeandikwa PASI, juu MARK X, na maji yalikuwa bado hayajafika mstari wa kwanza.